Mume wa Kwenye Karatasi

2 Machi
Kaka anasema watu wa viza huuliza tarehe kuliko wanavyouliza jina, kwa hiyo nianze kuandika kila kitu leo. Haya. Leo mvua ya kwanza ya masika imenyesha tangu alfajiri, bati la karakana limevuja palepale pa mwaka jana, na barua imefika.

Ni ya ukurasa mmoja tu. Kampuni ya ng'ambo inayonunua viti vya magurudumu kwa ajili ya zahanati za vijijini imewaalika watengenezaji watatu wapeleke viti vyao vikajaribiwe mbele ya wapimaji, tarehe 12 Mei. Sisi ni mmoja wa hao watatu. Mimi na Kaka! Yeye huchora, mimi huchomelea. Kiti chetu kina magurudumu matatu, na la mbele limetangulizwa mbali ili lisizame kwenye mchanga wala matope. Kaka alikichora akiwa kitandani, mwaka ule ukuta ulipomwangukia kwenye ujenzi na miguu yake ikaacha kumsikiliza. Amekikalia miaka kumi na moja. Kila mwaka anakitoa kasoro mpya.

Barua inataka watu wawili, mtumiaji na fundi. Wakikipenda kiti wataagiza vingi, na zahanati ambazo leo zinabeba wagonjwa mgongoni zitapata vya kwetu. Kaka aliisoma mara nne, akaniambia, "Cheche, funga mlango, nataka kupiga kelele." Nikafunga. Akapiga.

3 Machi
Mvua. Tumepiga picha za pasipoti. Mimi nimetoka kama mtu aliyekamatwa.

9 Machi
Tumekwenda kwa mtu anayejazia watu fomu. Wenyewe wanamwita Bwana Mihuri, na yeye mwenyewe hujiita hivyo kwenye simu. Ofisi yake iko nyuma ya duka la kutolea nakala, meza moja, viti viwili, na ukuta mzima umejaa picha za watu aliowasafirisha, wote wamesimama mbele ya majengo ya vioo wakitabasamu.

"Viza ya biashara ni ya siku chache," akasema. "Hawaogopi uende. Wanaogopa usirudi. Kazi yangu ni kuwaonyesha kamba inayokuvuta nyumbani." Akamwangalia Kaka. "Wewe una karakana kwa jina lako, una mama mzazi. Wewe huna shida." Akanigeukia. "Na wewe dada, umeolewa?"

"Niliolewa. Tuliachana."

"Watoto?"

"Mmoja, wa kike. Ana miaka kumi na miwili."

"Mm," akasema, kama daktari aliyegusa mahali panapouma. Akatupa kurasa za mwisho tutie sahihi, zilizobaki angezijaza mwenyewe. Nje mvua ilikuwa inaongezeka na Kaka hapendi kulowa. Nikatia sahihi bila kusoma.

17 Machi
Maji yameingia karakana hadi kwenye vifundo. Tumeninginiza mitungi ya gesi kwa minyororo. Hakuna kazi.

21 Machi
Siku ya alama za vidole. Kaka alimaliza dakika mbili. Mimi niliweka kidole gumba kwenye kioo, taa ikawaka nyekundu. Nikaweka tena. Nyekundu. Vidole kumi, mara tatu tatu, nyekundu tupu. Msichana wa mashine akanishika mkono, akaugeuzageuza kama anayenunua nyanya.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nachomelea vyuma."

"Vidole vyako havina mistari."

Watu waliokuwa foleni wakacheka, nami nikacheka. Miaka kumi na moja ya moto na mawe ya kusagia chuma. Nimejifuta mwenyewe. Akasema nikae wiki mbili bila kushika chuma wala moto, nipake mafuta asubuhi na jioni, nirudi tarehe 4. Ikishindikana tena, ombi halipokelewi.

22 Machi
Nimekaa. Nimepaka mafuta.

23 Machi
Nimepaka mafuta. Mama anasema mikono yangu inaanza kufanana na ya watu wa ofisini. Hakusema kwa kusifu.

26 Machi
Kiti cha kupeleka bado ni fremu tupu. Kaka amejaribu kuchomelea mwenyewe. Nimeitazama weldi yake, ina matundu kama mkate. Nikamwambia. Akasema, "Basi chomelea wewe." Anajua siwezi. Tumeshinda kila mtu kona yake, mvua inapiga bati, hakuna aliyewasha redio.

31 Machi
Mafuta. Mvua.

4 Aprili
Kijani! Kidole gumba cha kushoto kilileta ukaidi hadi mwisho, msichana akakibonyeza kwa nguvu zake zote, taa ikawaka kijani. Nimetoka pale mbio hadi karakana, nikavaa barakoa yangu, nikachomelea hadi saa kumi na mbili jioni. Kaka alikata mabomba kimyakimya akinipa moja baada ya jingine. Hatukuombana msamaha. Hatuna kawaida hiyo.

11 Aprili
Tumeitwa kwenye mahojiano ubalozini tarehe 16. Kesho nakwenda kwa Bwana Mihuri kuchukua nakala ya faili, nijue nimeandikiwa nini.

12 Aprili
Nimeolewa.

Naandika hivyo kwa sababu sijui niandikeje vingine. Bwana Mihuri hakuwepo. Yule wa kutoa nakala alinipa faili kwenye bahasha, nikalifungulia nyumbani, mezani, binti yangu akifanya hesabu upande wa pili. Karatasi ya sita ni cheti cha ndoa. Kina muhuri na sahihi mbili, na mwaka wa ndoa ni mwaka uleule niliopewa talaka. Mume wangu ni mhasibu. Jina lake sijawahi kulisikia maishani.

Nilidhani limechanganywa na faili la mtu mwingine. Kisha nikaona fomu ya familia. Pale penye jina la mtoto wameandika jina la binti yangu, na pale penye baba wameandika mhasibu.

Sikuwahi kuificha karatasi, nilikuwa nimeduwaa. Binti yangu akanyoosha shingo akasoma.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni makosa ya uchapaji."

"Baba wamempeleka wapi?"

Baba yake na mimi hatusalimiani. Kila Jumapili anakuja kumchukua, anasimama nje ya geti, namtoa mtoto, nafunga. Sina la kumsifia mtu yule. Lakini hajakosa Jumapili hata moja kwa miaka minne, na leo nimemwona amefutwa kama maandishi ya ubaoni, na chini kabisa kuna sahihi yangu.

Nimempigia Bwana Mihuri. Hakukana. "Dada yangu," akasema, tena kwa upole kabisa, "mwanamke asiye na mume wanamnyima. Nimeona kumi, nimeona ishirini. Wewe usijisumbue. Wakikuuliza, sema mhasibu, basi. Siku kumi na tano zikiisha umerudi, nani amedhurika?"

"Kitoe."

"Hakitoki. Faili liko kwao tangu mwezi uliopita." Halafu akasema neno ambalo sijamaliza kulimeza mpaka sasa. "Kwani kaka yako hakukwambia?"

13 Aprili
Nilimngoja Kaka afike karakana, nikaweka cheti juu ya meza yake ya kuchorea. Hakukigusa.

"Ulijua?"

"Alinipigia simu jioni ileile tuliyotia sahihi. Akasema bila hivyo utakataliwa."

"Ukasema nini?"

"Nikasema afanye anavyojua."

Huyu ni mtu ambaye mteja akisema kiti kinalia kidogo gurudumu la nyuma, anakirudisha chote na kukifumua. Mtu ambaye hajawahi kuniambia weldi yangu ni nzuri kama si nzuri. Nikamwambia, "Umeniozesha bila kuniuliza, na umempa mwanangu baba mwingine." Akasema kiti hakiwezi kwenda bila fundi. Nikamwambia kiti kitajua chenyewe. Nikaenda nyumbani saa nne asubuhi, kazi ikiwa mezani, jambo ambalo sijalifanya tangu tulipofungua karakana ile.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika kijiko cha mboga. Akauliza, "Ana sura nzuri lakini?" Nikacheka bila kutaka. Kisha akawa mkali. "Kaka yako nitamsema mimi. Wewe hiyo tarehe 16 utasema nini?"

Nikampokea kijiko, nikakoroga mboga mwenyewe.

14 Aprili
Nimekwenda karakana. Tumefunga beringi za magurudumu. Maneno tuliyosemezana yote yalikuwa majina ya spana.

15 Aprili
Mvua. Kiti kimekamilika, kimepakwa rangi. Nimekisukuma uani kwenye matope, kikapita kama kinateleza juu ya meza. Ni kiti kizuri kuliko vyote tulivyotengeneza. Ningependa sana kuwepo watakapokiona. Naandika hili ili mtu asije akadhani sikutaka kwenda.

16 Aprili
Niandike kila kitu kabla hakijapoa.

Jengo la ubalozi lina ngazi tisa na halina njia ya kiti. Walinzi wawili wakambeba Kaka na kiti chake. Yeye hutazama juu akibebwa, mawinguni, kana kwamba anayebebwa ni mtu mwingine. Mlango wa kwanza tukaacha simu, mlango wa pili Kaka akavua mkanda, mlango wa tatu tukaingia kwenye chumba chenye viti vya chuma na madirisha sita ya kioo. Anayehojiwa dirisha la karibu na viti anasikika. Mbele yetu mfanyabiashara wa vipuri aliulizwa kwa nini hoteli yake iko mji mwingine na maonyesho yako mji mwingine. Alijibu mara tatu, kila mara jibu jipya. Alipotoka alikuwa na karatasi ya rangi ya waridi na hakuangalia mtu.

Tukaitwa kwa pamoja. Kaka dirisha la tano, mimi la tatu. Mwanamke wa dirisha la tatu alikuwa wa umri wangu, miwani kichwani, anazungumza lugha yetu vizuri sana, polepole.

Akaniuliza kuhusu kiti. Nilijibu vizuri. Kwa nini gurudumu la mbele ni kubwa, kwa nini bomba hili na si lile. Akawa anaitikia kwa kichwa, nikaanza kupumua. Kisha akafunua ukurasa.

"Mume wako anafanya kazi wapi?"

Usiku kucha nilikuwa nimejifunza majibu mawili. Hilo la uongo lilikuwa fupi. Mbele yangu kulikuwa na kioo, ndani ya kioo nikaona uso wangu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sina mume."

"Hapa kuna cheti cha ndoa."

"Kipo. Si changu. Aliyekiweka ni mtu tuliyempa fomu atujazie. Nilitia sahihi bila kusoma, hilo ni kosa langu."

"Ulijua lini?"

"Siku nne zilizopita."

"Mbona hukuja kuliondoa ombi?"

"Kwa sababu nilitaka kwenda."

Akashusha miwani kutoka kichwani akaivaa. Aliniangalia, si kwa hasira. "Na kitu gani kitakurudisha?"

"Binti yangu. Huyo ni wa kweli. Hata baba yake ni wa kweli, ingawa hatuelewani."

Nikaona kama anataka kutabasamu. Naapa niliona. Kisha akauliza, "Kaka yako alijua kuhusu cheti hiki?"

Kaka alikuwa dirisha la tano, mgongo wake naufahamu hata gizani. Shati lake lilikuwa limelowa jasho katikati. Nikawaza kiti peke yake, wapimaji wakingoja, jina letu likifutwa.

"Hapana," nikasema. "Hakujua."

Akaandika. Akaandika sana. Akasema tutapigiwa simu.

Nimesema kweli yangu yote kisha nikadanganya ya mwenzangu. Sijamwambia mtu. Kaka naye hajanieleza aliyoulizwa, sijamuuliza.

19 Aprili
Hakuna simu.

22 Aprili
Hakuna. Mvua imeondoka na ukuta wa choo.

24 Aprili
Nimepita ofisini kwa Bwana Mihuri nimweleze kwamba nimemtaja. Kumefungwa kwa kufuli, na picha zote zimebanduliwa ukutani. Yule wa nakala hajui chochote. Wakati nikiwa pale amekuja mzee mmoja kumuulizia, ana bahasha yake mkononi. Nilifika pale na hasira zangu, nikaondoka nikimwonea mzee yule huruma. Watu hawamwendei Bwana Mihuri kwa kupenda uongo. Wanamwendea kwa sababu fomu ina kurasa kumi na nne na hakuna mwingine wa kuwaeleza.

25 Aprili
Hakuna.

27 Aprili
Hakuna. Siku kumi na tano zimebaki.

29 Aprili
Pasipoti zimerudi. Ya Kaka ina viza, siku kumi na tano, safari za biashara. Yangu ina karatasi ya waridi. Wameweka alama kwenye mstari mmoja: maelezo ya mwombaji hayakuaminika.

Cheti, nikajua. Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nikamwambia Kaka hongera. Akasukuma kiti chake hadi nje, akakaa kwenye mvua. Yeye ambaye hapendi kulowa.

30 Aprili
Leo tumevunja kila kitu, kisha tumekiunga.

Kaka alifika akasema, "Siendi." Nikadhani ni maneno tu. Akachukua barua ya mwaliko akataka kuichana, nikampokonya. Nikapaza sauti hadi jirani wa mashine ya mbao akazima mashine yake asikie vizuri.

"Unajua nimefanya nini kwa ajili ya safari hii?" nikamwambia. "Yule mama aliniuliza kama ulijua. Nikamwambia hukujua. Nilidanganya mbele ya kioo ili wewe upite, halafu unaniambia huendi?"

Kaka akageuza kiti chake anitazame. Uso wake ukabadilika rangi.

"Ulisema sikujua?"

"Ndiyo."

"Cheche. Mimi pia niliulizwa." Akashika magurudumu yake kwa mikono yote miwili kama anayeteremka mlima. "Nikasema nilijua. Nikasema kosa lote ni langu, dada yangu hakuhusika, nipeni mimi adhabu."

Tukatazamana. Ilichukua muda kidogo kuingia. Walichoshindwa kukiamini hakikuwa cheti. Cheti nilikwisha kukikana. Walichukua karatasi mbili, yake na yangu, wakaziweka pamoja, wakaona mmoja anasema alijua na mwingine anasema hakujua. Uongo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wangu, na niliusema kwa ajili yake wakati yeye anasema kweli kwa ajili yangu.

Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma. Sijui nani alianza kucheka. Si kicheko kizuri, kilikuwa kama kikohozi. Kilipokwisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku za hospitali:

"Unataka kujua kwa nini nilimruhusu yule bwana? Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu. Tangu ukuta ule sijalala hata siku moja mahali ambapo wewe haupo chumba cha pili. Nikasema, heri apate mume wa uongo kuliko mimi niende peke yangu. Ndiyo hivyo. Nipige ukitaka."

Sikumpiga. Nilikuwa natafakari jambo jingine. Miaka yote hii nimekuwa nikisema siwezi kuondoka mji huu, siwezi kuolewa tena, siwezi hiki na kile, kwa sababu Kaka ananihitaji. Nilikuwa nalisema kwa fahari. Hakuna siku niliyomuuliza kama anaweza kulala peke yake. Sikutaka jibu.

"Utakwenda," nikamwambia. "Na leo utajifunza kukifungua kiti vipande vya kupakia ndegeni na kukifunga tena bila mimi."

3 Mei
Anakifunga kwa dakika tisa. Anatukana.

5 Mei
Dakika sita.

7 Mei
Dakika nne na nusu. Mama amempangia sanduku, amelijaza mpaka nimelikalia ndipo likafungika. Binti yangu amemchorea ramani ya uwanja wa ndege ambao hajawahi kuuona.

8 Mei
Ameondoka. Mhudumu alimpokea mlangoni mwa uwanja wa ndege, nikabaki naona mgongo wa shati lake tu, kisha hata huo haupo. Mvua ilikuwa nyembamba. Nimerudi karakana nikafagia palipokwisha fagiwa.

9 Mei
Amefika. Ujumbe wa maneno mawili: "Nimefika. Baridi."

11 Mei
Jumapili. Baba wa mtoto alisimama nje ya geti kama kawaida. Nikamweleza habari ya cheti, kwa sababu niliona ni haki yake kujua. Nilitegemea ugomvi. Akauliza tu, "Mhasibu?" Akatikisa kichwa. "Angalau wangenibadilisha na fundi mwenzangu." Yeye ni fundi bomba. Tumesalimiana wakati wa kuagana.

12 Mei
Siku yenyewe. Sikufanya kazi yoyote yenye maana. Simu iliita saa tisa alasiri. Laini mbovu, upepo mwingi, Kaka anapiga kelele.

Wamevipitisha viti kwenye changarawe, kwenye mchanga, wakaviangusha kutoka juu ya kizingiti mara mia mbili vikiwa na mifuko ya mchanga. Cha kwanza kilikatika fremu. Cha pili kilisimama hadi mwisho. Chetu kilifika mia na sitini, uma unaoshika gurudumu la mbele ukapinda.

"Ukapinda au ukakatika?"

"Ukapinda! Bomba limepinda, weldi haijaachia. Mpimaji ameikagua kwa kioo cha kukuzia, ameuliza nani amechomelea. Nimemwambia dada yangu, mlimnyima viza."

"Sasa?"

"Sasa hawajui. Wanakaa kikao."

13 Mei
Hakuna.

14 Mei
Hakuna. Nimekata bomba nene zaidi, nimetengeneza uma mpya, nimeuchomelea, nimeupiga nyundo mpaka mkono umekufa ganzi. Haupindi.

16 Mei
Kaka kapiga simu. Mwenye kiti cha pili amepata oda. Sisi tumepewa viti arobaini vya majaribio, kwa sharti kwamba mnunuzi aje mwenyewe kuona karakana na uma mpya. Nilitaka kusikitika kwa sababu si vile vingi tulivyoota. Kisha nikawaza watu arobaini, nikashindwa.

21 Mei
Leo amerudi, siku moja kabla viza haijaisha. Jua limewaka kutwa, la kwanza mwezi huu. Alitoka mlangoni akijisukuma mwenyewe, sanduku mapajani, amekonda, ana kofia ya sufu ya kuchekesha.

Ndani ya gari nilimuuliza mnunuzi anakuja lini. Mwezi ujao. Nikauliza viza yake itachukua muda gani.

"Ataipata hapa hapa uwanjani," Kaka akasema, "akishuka." Dereva akacheka. Sisi hatukucheka sana.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema kwenye simu. Asubuhi ya kwanza kule hotelini alitaka kujihamisha kutoka kitandani, kiti kikateleza kwenye sakafu ya vigae, akaanguka. Hakukuwa na zulia, hakukuwa na kitu cha kushika. Akalala pale akitazama dari.

"Nilikuita," akasema. "Kwa jina lako. Nilisahau kabisa uko wapi."

"Ukafanyaje?"

"Nikangoja. Hukuja." Akavua ile kofia, akaishika mapajani. "Basi nikavuta shuka, nikalifunga kwenye mguu wa kitanda, nikajivuta. Nusu saa nzima. Nilipofika juu nilikuwa nimechubuka viwiko vyote viwili, na nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa."

Akakunja mikono ya shati akanionyesha. Makovu bado mekundu, yameinuka kama weldi mbichi. Nilimshika kiwiko kimoja, nikamwangalia, na yeye akaacha nimwangalie. Sikumwambia pole. Nilimwambia weldi imekaa vizuri.